Mama Vikopo, Miaka Thelathini na Minne ya Kuuhoji Mkojo

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Mama Vikopo atavua koti lake jeupe, atalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa maabara, na hatalivaa tena. Amelivaa miaka thelathini na minne. Si koti hilohilo. Amechakaza kumi na moja, na saba kati ya hayo nimeyafua kwa mikono yangu.

Wasifu huu wa kusomwa siku ya kumuaga ulikuwa uandikwe na wasomi. Wasomi watatu wa maabara wamekaa na karatasi wiki nzima wakaleta mistari minne, na kila mstari unasema "mchapakazi". Punda naye ni mchapakazi. Kwa hiyo naandika mimi ninayeosha visahani vyake. Atakayekuta herufi imelala, aisimamishe mwenyewe asonge mbele.

Alifika hapa akiwa msichana mwembamba, cheti chake kipya ndani ya bahasha, viatu vya kuazima. Maabara ilikuwa chumba kimoja kilichokuwa stoo ya mashuka. Kulikuwa na dirisha moja na hadubini moja, ile ya zamani ya kioo cha kunasia mwanga wa jua. Wingu likipita, kazi inasimama. Wanaomkumbuka wanasema alikuwa akitoka nje, mikono kiunoni, akiliangalia lile wingu kama mwenye nyumba anayengoja wageni waondoke.

Walimpa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: mkojo. Wenzake walichagua damu, maana damu ina heshima. Yeye alipokea vikopo, na jina likamganda hapohapo. Leo hata mkurugenzi akiulizwa jina lake la kwenye faili lazima afikirie kidogo.

Kwa msioijua kazi yenyewe, nitawaeleza kama alivyonieleza mimi. Mtu anakuja na maumivu ya njia ya mkojo, hiyo mnayoiita yutiai. Mkojo wake unapakwa kwenye kisahani chenye chakula cha wadudu, kisahani kinaingia kwenye kabati la joto. Kesho yake, kilichoota ndicho kinachomtesa. Kisha huyo mdudu anawekewa vikaratasi vidogo vya mviringo, kila kimoja kimelowekwa dawa yake, anarudishwa kwenye joto. Dawa inayomuua huacha duara safi kuizunguka. Isiyomuua, wadudu wanasogea mpaka ukingoni na kuiegemea kama vijana walioegemea ukuta. Hapo ndipo unajua umpe mgonjwa nini. Huchukua siku mbili, nyingine tatu, na hazipungui hata umpigie nani simu.

Vituko alivyoviona kwenye lile dirisha la kupokelea vikopo vingejaza kitabu. Mzee mmoja aliambiwa alete mkojo wa kutosha, akaja na dumu la lita tano, limejaa, amelibeba begani, jasho linamtoka. "Binti, nimekusanya siku tatu. Ukipungua, nitaongeza." Mama Vikopo hakucheka. Alimshukuru, akampa kiti, akamwomba atie kidogo tu kwenye kikopo. Alicheka mzee alipokwisha kukata kona, na alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Na karani wa mapokezi, ambaye leo ameketi hapo mbele akijifanya hasikii, aliwahi kuficha chakula chake cha mchana kwenye friji ya sampuli. Mama Vikopo alikiona. Alikibandika lebo, akakipa namba ya maabara, akajaza fomu: "Sampuli: nzito, ina vitunguu. Mgonjwa: hajulikani." Karani alipokuja kukitafuta aliambiwa asubiri majibu siku mbili. Tangu siku hiyo friji yetu ina vikopo peke yake.

Lakini jambo la kumwandikia wasifu si hayo. Ni la miaka mitano iliyopita, nalo liliingia nyumbani kwangu.

Mke wa mwanangu wa mwisho alikuwa na mimba ya miezi sita. Ya kwanza ilikuwa imetoka, kwa hiyo hii tuliilinda kama yai. Akaanza kusikia moto akienda haja ndogo. Zahanati ya jirani wakampa vidonge vya rangi mbili bila kumpima. Siku nne akapata nafuu, ya tano moto ukarudi. Shemeji yake, mkarimu asiyeombwa, akamletea vidonge sita alivyobakiza yeye mwenyewe mwaka juzi. Akameza. Moto uleule. Kliniki wakamwandikia akaoteshe mkojo, na wakambadilishia dawa. Jibu likatoka: "Wadudu mchanganyiko. Rudia." Akarudia. "Wadudu mchanganyiko. Rudia." Dawa tatu tumboni, majibu mawili yasiyo na kichwa wala miguu.

Mama Vikopo alikuwa na neno lake juu ya watu wa namna hii, na aliwaambia madaktari usoni: "Kubadilisha dawa ya tatu bila kuotesha ni kupiga simu namba usiyoijua, ukitumaini atapokea mama yako." Safari hii tulikuwa tumeotesha mara mbili, na bado hakuna aliyepokea.

Jumatatu saa tatu asubuhi binti huyo aliletwa hospitalini akitetemeka, meno yanagongana, mkono ameubana ubavuni nyuma, pale ilipo figo. Homa thelathini na tisa na nusu. Daktari wa wazazi alinivuta pembeni. Hakupamba maneno. "Bibi, maambukizi yamepanda kwenye figo. Yakiendelea yanaweza kuanzisha uchungu, na mtoto wa miezi sita mapafu yake bado." Nikarudi maabara na ndoo yangu, nikasimama tu. Mama Vikopo aliniangalia, akaniuliza nani anaumwa. Nikamwambia. Akafuta mikono, akachukua kikopo kipya, akatoka, nami nikamfuata.

Wodini alimkuta daktari wa zamu, kijana mzuri, mwepesi wa mkono, ameshavuta dawa kwenye sindano.

"Daktari, shikamoo naipokea baadaye. Hiyo sindano usiichome kwanza."

"Mama, mgonjwa anaungua. Nikae nikungoje wewe siku mbili?"

"Usiningoje hata siku moja. Nipe dakika tano nichukue mkojo, halafu choma. Ukichoma kwanza, wadudu watanyong'onyea na mimi nitaotesha nini, haraka yako?"

Kijana akashusha mkono. Mama Vikopo akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika binti kiganja.

"Mwanangu, vile vikopo viwili ulivyoniletea, ulikinga vipi?"

"Kama ilivyoandikwa, mama. Mkojo wa katikati."

"Enhe. Katikati ya nini?"

"Ya siku." Binti aliona aibu, akadhani anakosea kujibu. "Saa sita kamili. Mume wangu alinitegea kengele ya simu. Nilijibana tangu asubuhi nisiuharibu. Kisha nikauleta jioni alipopata nafasi ya kunisindikiza."

Mkojo wa katikati, kwa sisi tulio ndani, maana yake ni ule wa katikati ya kukojoa: wa mwanzo unaumwaga kwa sababu unasomba wadudu wa nje ya mwili, unakinga unaofuata, unaobaki unaumalizia chooni. Tena unafika maabara upesi, la sivyo wadudu wanazaliana humo kikoponi. Huyu maskini alikuwa amekinga wa mwanzo, umekaa kwenye joto mchana kutwa, ndiyo maana kila mdudu wa mtaani alikuwemo. Na mtu mwenye maambukizi ya mkojo, anayepaswa kunywa maji na kwenda haja kila anapohisi, alijibana nusu siku ili atutii.

"Simama taratibu, mwanangu," Mama Vikopo akasema. "Tunakwenda wote."

Akamfundisha ajisafishe kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha akasimama nje ya mlango wa choo akamwongoza kwa sauti ile ile anayoitia wagonjwa foleni nzima: "Mwaga kwanza! Haya, sasa kinga! Basi, toa kikopo, malizia!" Wodi nzima ilisikia. Mama mmoja wa kitanda cha pembeni alisema hajawahi kuona mechi ya mpira ikitangazwa chooni. Binti alitoka anatetemeka na anacheka. Mkojo ulipakwa kwenye kisahani kabla haujapoa. Sindano ikachomwa, ya kubahatisha kwa sasa, maana homa haisubiri. Saa ya kungoja ikaanza.

Mwingine angekaa. Yeye alinishika mkono, tukaenda kwenye ukumbi wa kungojea. Ukutani palikuwa na tangazo ndani ya plastiki: LETE MKOJO WA KATIKATI. Limekaa hapo miaka ishirini na moja. Nimelifuta vumbi mara ngapi sijui. Aliliandika yeye, kwa mkono wake, na alijivunia mwandiko huo.

Akageukia foleni. "Ndugu zangu, naomba mnisaidie. Hili neno la hapa mnalielewaje?"

Mmoja akasema ni wa saa sita mchana. Mwingine akasema saa sita usiku, na ameamka kwa ajili hiyo. Mwingine, katikati ya chakula na chakula. Baba mmoja mwenye kofia alieleza kwa fahari kwamba yeye hujaza kikopo kikubwa, akamwaga wa juu, akaacha wa chini, akachota wa katikati kwa kijiko. "Kijiko gani?" mkewe akauliza, macho yamemtoka. Baba akashusha kofia mpaka machoni. Na dada mmoja, kwa sauti ndogo, akasema alidhani ni kati ya mume kutoka na mume kurudi.

Watu walivunjika mbavu. Mama Vikopo naye alicheka, kisha akakaa kwenye benchi katikati yao. Akasema, "Nimewaandikia 'rudia' miaka ishirini na moja. Nilidhani hamsikii." Nasema hili mbele ya mkurugenzi na wageni wote: kosa lilikuwa lake. Nalisema kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kabla ya mtu mwingine yeyote, palepale, kwa sauti ya kusikika dirishani. Wako wakubwa wanaokufa na makosa madogo kuliko hilo yamefichwa kifuani.

Alilibandua tangazo kwa kucha. Jumanne mchana lilikuwapo jipya: MWAGA KIDOGO. KINGA KIDOGO. MWAGA UNAOBAKI. LETE SASA HIVI. Chini yake kuna picha ya kikopo na matone, aliyochora yeye, na kwa kweli yanafanana na maembe. Hakulitundika mpaka watu watatu wasiomaliza hata darasa la nne walipomweleza maana yake sawasawa. Nilikuwa wa kwanza.

Jumanne hiyohiyo kisahani kilikuwa kimeota. Safari hii hapakuwa na mchanganyiko. Mdudu mmoja tu, wa aina moja, amejaa kama nyasi baada ya mvua. "Tumekushika," Mama Vikopo alimwambia, "sasa tuone unaogopa nini." Akamwekea vikaratasi vinane vya dawa na kumrudisha kwenye joto. Lakini wodini homa ilikuwa palepale, na alasiri tumbo la binti likaanza kukaza na kuachia. Mwanangu alikuwa ameketi koridoni ameshika viatu vya mkewe. Daktari wa wazazi akaongeza dripu, akasema tunahitaji hilo jibu kuliko tunavyohitaji hewa.

Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mama Vikopo alifungua kabati la joto. Nilikuwa naye. Alishika kisahani kwenye mwanga wa dirisha, akahesabu kwa kidole bila kukigusa. Dawa sita kati ya nane, wadudu wameziegemea wamestarehe. Zile tatu alizomeza binti zimo. Na ile sindano anayochomwa, imo pia. Zilibaki dawa mbili zenye duara safi. Moja kati yake haimfai mwenye mimba.

Ikabaki moja.

Mama Vikopo ana magoti mabovu. Kila ngazi huipanda akiitukana. Siku hiyo alizipanda ngazi thelathini na mbili na karatasi mkononi bila kutukana hata moja, mimi nyuma na ndoo niliyosahau kuiweka chini. Alimfikia daktari wa zamu, akamwekea karatasi kifuani.

"Hii. Hii peke yake. Na ipo, nimemwamsha mfamasia kwa simu akathibitisha."

Kijana alisoma, akasoma tena. "Mama, mimi nilikuwa namchoma maji."

"Ulikuwa unabahatisha vizuri, mwanangu. Lakini ulinipa dakika tano. Bila hizo tungekuwa tunabahatisha mpaka sasa. Haya, kimbia."

Saa moja na dakika kumi dawa ilikuwa mshipani. Mchana tumbo lilitulia. Alhamisi alfajiri homa ilishuka mpaka thelathini na saba, na binti aliomba chakula, akakilaumu kuwa hakina chumvi, tukajua amerudi. Wakampiga picha ya figo kuona kama kuna jiwe linalowafuga wale wadudu. Hakuna. Wakampima sukari. Safi. Akamaliza dawa mpaka tone la mwisho, na shemeji yake mkarimu nilimtembelea mwenyewe, tukaelewana kuhusu vidonge vyake.

Wiki mbili baadaye Mama Vikopo alitaka kikopo kingine. Hakutosheka na "najisikia vizuri". Alisema wadudu wa wajawazito wana ujanja wa kunyamaza bila kuondoka. Binti akamwaga, akakinga, akamwaga, akaleta sasa hivi. Siku mbili tukangoja. Jibu lilikuwa na maneno mawili: Hakuna kilichoota. Mkulima akiambiwa hivyo atalia. Sisi maabara tulipiga vigelegele mpaka watu wa damu wakatoka chumbani kwao kuuliza kuna harusi ya nani.

Tangu tangazo lile lipande ukutani, majibu ya "rudia", yaliyokuwa matatu au manne katika kila vikopo kumi, yameshuka, na sasa tunapata moja katika ishirini. Vituo vingine vimekuja kuyanakili maneno yake, pamoja na maembe yake. Amefundisha mafundi wa maabara kumi na tisa, na wote nikiwaona wanawauliza wagonjwa, "Ulikinga vipi?" kabla ya kuwalaumu, najua wamelelewa na nani. Daktari wa zamu naye leo ni bingwa. Hachomi sindano ya maambukizi ya mkojo yaliyogomea dawa mpaka aulize kikopo kiko wapi.

Na ninyi mnaosikia au kusoma haya, fanyeni alivyotufundisha. Dawa ya mkojo ikikataa, usijiongezee nyingine kwa kichwa chako, wala usimeze ya jirani. Rudi hospitali. Omba uoteshewe, na mkojo uchukuliwe kabla ya dawa mpya kuanza. Ukipata homa, ukitetemeka, ukiumwa ubavu, au ukiwa na mimba, usingoje kesho. Jibu likitoka, kunywa inayoua, uimalize. Usipoelewa neno la ukutani, uliza, hata kama limeandikwa kwa mwandiko mzuri.

Mama Vikopo, dada yangu, tunakushukuru. Mji huu umejaa watu wanaotembea na figo zao mbili, nao hawajui kwamba ulizipigania kwenye kisahani. Nyumbani kwangu wapo wawili wanaojua. Mmoja anaosha vyombo wakati huu ninapoandika. Mwingine alizaliwa kwa miezi tisa kamili, kilo tatu na robo, sasa ana miaka minne na nusu, na amenimwagia wino wa kalamu mara mbili tangu nianze wasifu huu. Nimemfokea. Kisha nimemwacha aendelee kumwaga.

Nenda ukalale mpaka jua likutoe kitandani. Magoti yapumzike, chai isipoe, maisha yakuwie mema. Tunakupenda.